Sina mtu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nina mzigo, wacha niutue hapa.

Mama yangu magoti yanamsumbua miaka sasa. Tangu Pasaka ananiambia mwanangu nipeleke Kitagata kwenye maji moto, nami kila mara namwambia mama subiri, wiki hii kuna harusi, kuna mazoezi ya kwaya, pesa ya taksi imeisha. Juzi nikamsikia nyuma ya nyumba anamwambia jirani, ningeenda lakini sina mtu. Sina mtu! Na mimi niko ndani napiga pasi gauni la kwenda maombi.

Basi Jumatano tukatoka Mbarara, taksi mpaka Ishaka, pale tukapanda nyingine. Kitagata ni mji mdogo tu huko Sheema, magharibi mwa Uganda, jina lenyewe kwa Kinyankole ni habari ya joto. Chemchemi ziko 2 karibu karibu, moja wanaiita Ekyomugabe, yaani ya mfalme wa Ankole, nyingine wanaiita Mulago kama ile hospitali kubwa ya Kampala, maana wagonjwa ndiko wanakokimbilia. Mvua inanyesha, maji yanazama chini sana kwenye miamba yenye joto, halafu yanarudi juu kupitia nyufa, yanaweza kufika nyuzi 80, kwa hiyo watu wanakaa pale yalipopoa kidogo. Mungu wetu ni wa ajabu jamani.

Mama akakaa kwenye jiwe, akashusha miguu polepole, mimi namchotea na kikombe cha plastiki namwagia magotini, akafumba macho. Pembeni kulikuwa na mzee kwenye majani, fimbo mkononi, viatu bado miguuni, jerikani yake tupu. Nikamuuliza mzee mbona huingii? Akasema hapo panateleza, nasubiri mtu.

Wapendwa, Yohana 5 ikanifungukia hapo hapo. Yule mgonjwa wa Bethzatha, lile birika la Yerusalemu, tumemhubiri sana, ati imani yake ndogo, Yesu anamuuliza unataka kupona yeye anaanza habari za watu, ati sina mtu wa kunitia birikani. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu! Miaka 38 ya ugonjwa, hekalu liko karibu, watu wa Mungu wanapita hapo na sadaka zao, hakuna hata mmoja wa kumshika mkono. Na sisi je? Kukesha tunajua, kufunga tunajua, lakini yule dada aliyejifungua kwa opereshoni nani amemfulia hata nepi moja? Tunamtumia meseji, Mungu akuponye, basi tumemaliza. Usimwambie mgonjwa nakuombea na nyumbani kwake ni mwendo wa dakika 10 hujawahi kufika. Nasema kwa ukali ndugu zangu, lakini aliyechomwa wa kwanza ni mimi, mama yangu mzazi alisema hana mtu na mtu nipo.

Mponyaji ni Yesu, siyo maji, na mama dawa zake za hospitali anaendelea kunywa, tusichanganye.

Yule mzee tulimshusha, mimi mkono huu, kijana mmoja mkono ule. Alipokaa majini aliendelea kunishika vidole, hakuniachia haraka. Jerikani nikamjazia.

Jumamosi tunarudi. Mwenye mzazi au jirani wa kupeleka aniambie kabla ya Ijumaa jioni, tunaondoka saa 1 asubuhi, nauli tutachangiana.