Soda, juisi na enameli ya meno

Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, huanza kupoteza madini pale pH mdomoni (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) inaposhuka chini ya takriban 5.5. Kola iko karibu na 2.5, maji ya limau kati ya 2 na 3, juisi ya chungwa kama 3.5 hadi 4. Maziwa yako karibu na 6.7, hayana neno.

Wengi hulaumu sukari peke yake. Sukari huwalisha bakteria, nao hutoa asidi; lakini soda isiyo na sukari huja na asidi yake tayari, kwa hiyo bado inalainisha enameli.

Kinachoharibu zaidi ni muda. Chupa moja ikinywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni mbaya kuliko kuimaliza pamoja na chakula, kwa sababu mate huhitaji kama nusu saa hadi saa nzima kurudisha hali ya kawaida, na kila funda huanzisha hesabu upya. Usiku mate hupungua, basi juisi ya kulalia ndiyo mbaya kupita zote.

Mrija husaidia ukifika nyuma ya meno ya mbele. Usisukutue kinywaji mdomoni. Ukimaliza, sukutua kwa maji, na usipige mswaki mara moja: enameli iliyolainika husuguliwa ikatoka. Subiri dakika 30 hadi 60, kisha tumia dawa yenye floraidi na mswaki laini.

Chai na kahawa bila sukari? Hizo hutia madoa zaidi kuliko kumomonyoa. Ukikamulia limau, hesabu inabadilika.