Maipú: ngozi ya ng'ombe, maji ya zamu na mikono isiyotajwa

Leo nimeshinda Maipú, mji ulio jirani na Mendoza, magharibi mwa Argentina, nikizunguka kwenye viwanda vikongwe vya mvinyo. Miguu inaniuma, lakini sitaki kulala kabla sijaandika. Nikiacha hadi kesho nitakumbuka ladha tu, na ladha ndilo jambo ambalo kila mgeni huondoka nalo hapa.

Kilichonisimamisha muda mrefu kuliko vyote ni ngozi ya ng'ombe. Imo katika makumbusho ya Bodega La Rural, mtaa wa Coquimbito. Ni ngozi nzima, imefungwa ncha zake kwenye nguzo za mti, katikati imeachwa ilegee. Zamani zabibu zilimwagwa humo, watu wakaingia pekupeku wakazikanyaga, na juisi ikatiririka kupitia upande wa mkia hadi kwenye mtungi wa udongo. Nilisogea mpaka nikaona jinsi ngozi ilivyokauka ikawa nyeusi na ngumu, mikunjo yake haikunjuki tena. Wenzangu walipiga picha wakasonga mbele kwenye mapipa ya mwaloni. Mimi nilibaki pale nikijiuliza: ni miguu ya nani iliyoingia humu?

Kwenye viwanda hivi utasikia sana majina ya wenye mali. La Rural ilianzishwa mwaka 1885 na Felipe Rutini, Mwitaliano kutoka Marche. Mwaka huohuo reli ya kutoka Buenos Aires ilifika Mendoza, na hilo ndilo lililobadilisha kila kitu. Kabla ya hapo mvinyo ulisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kwa mikokoteni ya ng'ombe na migongo ya nyumbu, wiki baada ya wiki juani. Reli ilipofika, mapipa yakaenda mashariki na wahamiaji wa Kiitalia na Kihispania wakaja magharibi. Hadithi hiyo ni ya kweli na naipenda. Ila mizabibu ilikuwa imeshaota hapa zaidi ya miaka 300 kabla ya reli.

Mendoza ilianzishwa mwaka 1561 na Wahispania waliovuka milima ya Andes kutoka Chile, na mashirika ya watawa, Wajesuiti na Waagustino, yalimiliki mashamba ya mizabibu yaliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Meli zilizoingia Río de la Plata, mlango mpana wa mto ulipo mji wa Buenos Aires, zilileta watu kutoka Angola, Kongo, na pia Msumbiji, pwani yetu hii hii. Jenerali José de San Martín alipoandaa jeshi lake hapa Mendoza kwenda kuikomboa Chile kutoka kwa Wahispania, vikosi vya 7 na 8 vya askari wa miguu vilijazwa watumwa walioahidiwa uhuru. Walivuka Andes mwaka 1817, na wengi hawakurudi. Barabara, viwanja na sanamu zinamkumbuka San Martín kila kona. Hao wengine niliwatafuta kwenye maandishi ya ukutani leo kutwa, nisiwaone. Iliniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Tulipotoka nje nilifarijika kuona maji. Mendoza ni jangwa, mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 200. Kinachoiweka hai ni theluji ya Andes inayoyeyuka na kuingia mtoni, kisha kwenye mifereji inayopita kando ya kila barabara, chini ya miti. Wenyeji huiita acequia. Wahuarpe, wenye nchi hii, walikuwa wakichimba mifereji na kumwagilia mahindi kabla Mhispania yeyote hajafika. Maji huja kwa zamu: anakuja msimamizi wa mfereji, wanamwita tomero, anafungua lango, shamba lako linakunywa kwa muda wake, kisha lango linafungwa. Sheria ya maji ya mkoa ni ya mwaka 1884, na haki ya maji imefungamana na ardhi yenyewe, shamba lisilo nayo ni vumbi. Mtu aliyekulia Kilimanjaro kwenye mifongo, mifereji ya jadi ya Wachaga, hahitaji kuelezwa mara mbili. Nilichuchumaa nikatia mkono. Maji ni ya baridi, yana rangi ya udongo.

Jioni nilipita kwenye nyumba ya Giol, ambayo sasa ni makumbusho ya mvinyo na mavuno. Juan Giol, Mwitaliano, na Bautista Gargantini, Mswisi, walianza pamoja mwaka 1896, na mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda chao kilihesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Mwaka 1954 mkoa ukanunua hisa nyingi, kikawa mali ya umma hadi kilipobinafsishwa miongo kadhaa baadaye. Nyumba ni nzuri, vioo vya rangi na ngazi za kifahari. Sikukaa sana.

Nilikaa sana kwa wavunaji. Kwenye shamba moja la njiani walikuwa bado kazini, wengi wao wametoka Bolivia na mikoa ya kaskazini. Mvunaji anajaza ndoo kubwa inayofika kilo 20 hivi, anaitupia begani, anakimbia nayo hadi kwenye lori, anapanda ngazi, anamwaga, na anapewa ficha, kibati kidogo cha kuhesabia. Malipo ni kwa idadi ya vibati. Ndiyo maana wanakimbia. Mama mmoja, makamo yangu hivi, alikuwa amevifunga kwenye kitambaa kiunoni, vinalia kila anapopiga hatua. Nilimsalimia kwa Kihispania changu kidogo, akaniitikia bila kusimama.

Malbec, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilohilo, niliyoionja baadaye ilikuwa nzito, ya zambarau karibu na nyeusi, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba ni tamu kweli. Mche wake uliletwa mwaka 1853 na Mfaransa Michel Aimé Pouget, na ardhi hii imeupenda kuliko kwao Ufaransa. Mwenye duka alinieleza kwa fahari kuhusu mwinuko, baridi ya usiku na udongo wa mawe. Nikamuuliza kuhusu wavunaji, akanyamaza kidogo, kisha akanijibu vizuri: wanalala wapi, wanalipwa lini, wangapi hurudi kila mwaka. Kumbe ukiuliza unajibiwa.

Kesho naenda Luján de Cuyo. Nitauliza zamu ya maji ni siku gani, na waliokanyaga zabibu za kwanza pale walikuwa akina nani.