Siku moja gereji Ndeeba: bonde kubwa elfu 40, mkwaruzo mdogo laki tatu

Saa 1 asubuhi. Nashuka kwenye boda hapa Ndeeba, Kampala, nimepiga katogo njiani, ndizi za kupika na mchuzi wake. Fundi wetu wa rangi ni Mkongomani, mnyoosha bati katokea Tororo, mimi ni wa Arua. Ndiyo maana humu ndani kazi inakwenda kwa Kiswahili. Luganda tunamwekea mteja.

Saa 2. Hajati mmoja kaleta Premio nyeupe. Boda imempitia kwenye foleni ikamwachia mkwaruzo mlango wa nyuma, hauzidi kiganja. "Fundi, hapa si unapaka tu? Nyeupe ni nyeupe."

Nikafungua boneti, nikasoma namba ya rangi kwenye kibati: 070. Moyoni nikasema, pole Hajati. Ingekuwa 040, ile nyeupe ya kawaida ya Toyota, ningemtajia shilingi laki moja na nusu za Uganda tumalizane. Lakini 070 ni nyeupe ya lulu: rangi ya chini, juu yake tabaka la lulu, kisha klia, ile isiyo na rangi inayong'arisha. Hilo la katikati likizidi kidogo tu, mlango mmoja unakuwa maziwa na wa pili mtindi. Kwa hiyo hatuishii kwenye mkwaruzo. Tunapuliza ikififia hadi mlango wa mbele na ubavu wa nyuma, halafu klia inafunika vyote. Nikamwambia 350,000. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyekuwa kwenye ile boda. Tukashikana kwenye 320,000.

Saa 3 na nusu. Kijana wa Wish, jasho linamtoka, bampa ya nyuma imeingia ndani kama sufuria iliyokanyagwa. Kashaambiwa mahali fulani anunue nyingine. Nikachungulia: rangi haijapasuka, vishikizo vizima, buti inafunga bila kusuguana, mwanya wake sawa kushoto na kulia. Mwanya ukipishana ujue bati la nyuma limesogea, na hapo bei ni nyingine kabisa. Tukakopa birika la mama wa chai, tukamwaga maji ya moto juu ya bonde, mnyoosha bati akasukuma kwa ndani na maji baridi yakafuata. Ikaruka mahali pake kwa kishindo. Elfu 40, na humo mama wa chai kapata elfu 2 zake. Kijana alitaka kunikumbatia.

Saa 5. Sasa aibu yangu. Kuna Harrier niliyoipigia bei jana jioni, mudigadi ya mbele, bati la juu ya gurudumu, imebonyea, nikasema 250,000 kwa macho tu, giza limeshaingia, nina haraka ya kwenda nyumbani. Leo msasa namba 80 unaingia, vumbi linatoka la puti, ule udongo wa kujazia mabonde, tena puti, unene wake unakaribia chapati. Aliyetangulia hakunyoosha bati hata kidogo, alijaza shimo tu, na chini yake kutu imeshatafuna. Sumaku ndogo ingenieleza yote kwa sekunde mbili, maana haishiki kwenye puti nene. Ninayo. Ilikuwa kwenye droo.

Nimempigia mwenye gari, nikamtumia picha. Bati la mudigadi iliyotumika, kutoka soko la vipuri la Kisekka, nimemwambia alinunue yeye. Kazi nitafanya kwa bei ileile ya jana. Wenzangu wanasema mimi mjinga. Labda. Lakini bei niliitaja mimi.

Saa 7, kijana mpya anachanganya puti. Kamimina hadina, dawa ya kuigandisha, nyingi ili ikauke upesi. Nimemwagisha yote. Ikizidi inapenya na kuchafua rangi ya juu, ikipungua puti inabaki laini kama ugali. Anajifunza, na puti ni ghali.

Saa 9 mvua. Mkongomani kaweka bunduki ya rangi chini, kaketi. Klia ikipulizwa kwenye unyevu huo inaweza kugeuka ukungu, na mteja hataki hadithi za hali ya hewa. Umeme nao ukakatika, kompresa kimya. Tukala rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai.

Saa 11 jua limerudi kidogo, umeme pia. Mlango wa Hajati umepigwa praima tu, hatuugusi leo. Mkongomani kapuliza vikadi vitatu vya majaribio: lulu mara mbili, mara tatu, mara nne. Tukavitoa nje, tukaviweka kwenye mlango wa mbele, tukatazama kwa kuinama, kwa kusimama, kwa ubavu. Mara mbili, maziwa. Mara nne, manjano. Cha mara tatu kilipotea kwenye mlango, ikabidi nikipapase kukitafuta.

Nimeandika nyuma yake "070, tatu", nikakiweka kwenye droo. Sumaku nimeitoa humo. Iko mfukoni.