Nilivyosafirisha vipande vya saratani kama dagaa

Mtu akikwambia uweke nyama ya kupimia madini kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia isioze, kimbia. Mimi sikukimbia, ndiyo maana naandika kwa hasira.

Utafiti wangu wa uzamili ulikuwa kupima zinki, shaba na chuma kwenye uvimbe wa saratani ya titi, halafu nilinganishe na sehemu nzima, yaani isiyo na saratani, ya titi hilohilo. Kinamama waliofanyiwa upasuaji hapa Kigoma waliridhia, vibali nikapata. Mkubwa mmoja wa maabara akaniambia, "Kijana, fomalini haijawahi kumwangusha mtu." Kwa kutazama seli kwenye hadubini, sawa. Kwa madini ni balaa: yanatoka kwenye nyama yanahamia kwenye maji, na fomalini nayo inaleta ya kwake. Vipande sita vikaishia tanuru la taka za hospitali.

Nikaja na akili ya barafu. Mashine ya kupimia ilikuwa Dar, nami niko mwisho wa reli. Nikajaza deli barafu, nikapanda treni daraja la tatu, deli katikati ya miguu. Tabora tukaambiwa mvua imesomba tuta la reli huko mbele. Usiku wa kwanza barafu ikawa maji. Usiku wa pili nikawavamia watoto wanaouza barafu za ubuyu pale stesheni, nikanunua zote, sijui elfu nane, sijui kumi, nikazipanga juu ya sampuli. Kufika Dar nafungua: maji mekundu mpaka kwenye mdomo wa deli, vifuko vya ubuyu vimepasuka, lebo zimetoka. Kipi kizima, kipi kigonjwa? Vyote vyekundu. Fundi wa mashine alicheka mpaka akakaa chini.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu, muuza dagaa wa Kibirizi. Nilimsimulia akiwa anachambua mzigo, akatoa mawe mawili matatu, kisha akasema, "Baba, dagaa wangu wanafika Dar na Kongo. Umeona nani anawabebea barafu?"

Nikaanika. Si juani, kwa vumbi lile la Kigoma ningepima barabara! Niliweka kwenye oveni ya maabara, nyuzi 80, kila kipande kwenye kichupa cha plastiki kilicholala usiku kucha kwenye asidi ya naitriki. Mizani ikirudia namba ileile mara tatu, kimekauka. Uvimbe wa gramu moja ulibaki kama robo hivi. Ile sehemu nzima ikanishangaza: ilichuruzika mafuta ya njano, ukuta wa kichupa ukang'aa kama chungu cha mawese. Titi zima lina mafuta mengi, na mafuta karibu hayana zinki, kwa hiyo ukipima nyama mbichi, sehemu nzima itaonekana maskini kuliko ilivyo. Nikayaosha kwa etha, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, nikapiga hesabu mara mbili, ya mafuta na ya bila mafuta.

Kisu nacho kisikudanganye. Cha chuma cha pua kinaacha chuma, kromi na nikeli, na daktari wa upasuaji hakati kwa kitu kingine. Nilinunua kisu cheupe cha kauri cha jikoni, nikawa namenya nje kama muhogo, nabakiza moyo tu. Glovu za unga pia achana nazo. Kichupa kitupu kabisa kilinisomea zinki, nikahangaika wiki nzima na asidi, kumbe unga wa mikononi mwangu!

Safari ya pili sampuli zote zilikaa mfuko wa shati. Nikaziyeyusha kwa asidi, nikazipitisha kwenye mwali wa mashine, taa ya zinki ikimulika mwanga wa nanomita 213.9. Zinki ya saratani ikawa juu. Bila mafuta pengo likapungua, lakini halikufutika. Usilibebe jibu hilo ukaliweka kwenye tezi dume, huko ni kinyume: tezi nzima ndiyo inayolimbikiza zinki, saratani ikiingia inashuka.

Deli nilimpa shangazi. Anauzia maji ya baridi.