Bluberi zangu zilikuwa na njaa ya chuma

Jumapili usiku, Limuru, baridi ya kukata masikio

Leo nimeng'oa mche wa tatu wa bluberi, vile vitunda vidogo vya buluu. Nimeutoa kwa mkono mmoja tu wala haukuleta ubishi, mizizi yote imekaa juu juu, laini kama nywele za mtoto mchanga na mingine imeshakuwa kahawia, nikaukung'uta udongo ukadondoka wote nikabaki nimesimama pale kando ya ukuta kama mtu ameshika panya kwa mkia. Mama alikuwa anachuma sukuma akainua kichwa, "Kwani hako nako kamekufa?" Nkamwambia eeh. "Pole mami," akaendelea na sukuma zake. Mche mmoja niliununua shilingi 1,200 na nilinunua sita, hesabu piga mwenyewe, mi nimechoka kuipiga.

Binamu yangu anafanya kazi kwa shamba la bluberi huko Timau, mwaka jana alikuja na kibakuli kimoja cha plastiki tukakula na watoto dakika mbili kikaisha, na hapo ndo shetani akaingia. Nikaanza kusoma usiku. Nikakuta bluberi inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda) kati ya 4.5 na 5.5, nikacheka peke yangu kitandani manake hiyo ndo pH ya majani chai na sisi tumezungukwa na chai pande zote, hata ua wetu wa nyuma unapakana na chai ya jirani. Nikajiona profesa. Nikachimba mashimo sita kando ya ukuta mpya mahali pana jua, nikaweka samadi, nikavuta mpira kutoka kwa tenki, nikangoja utajiri.

Miezi miwili hivi zilikuwa sawa. Halafu majani ya juu, yale machanga, yakaanza kuwa njano, lakini si njano ya kawaida, mishipa imebaki kijani na katikati yake njano, yani ukiliinua jani kwa jua unaona kama ramani ya mito. Nikapiga picha nikaenda nayo kwa agroveti, kijana wa pale hakuiangalia hata sekunde tatu, "Hiyo ni njaa madam, weka CAN." Nikaweka hiyo CAN, mbolea ya naitrojeni. Na kwa sababu mi ni mtu wa huruma nikaongeza konzi nyingine.

Jamani.

Binamu alipokuja tena alibeba kadude ka njano kama kalamu, ka kupima pH ya maji. Akachota maji ya tenki, ambayo ni ya kisima, kakasoma 8.1. Akachukua udongo pale kwa chai ya jirani akaukoroga na maji ya chupa, 4.9. Akachukua udongo kwa shina la bluberi yangu, 7.0. Akanitazama. Mi nkaangalia ukuta. Hapo ndo nilikumbuka mafundi walikuwa wanaoshea karai zao za simiti hapo hapo, wiki nzima, na mimi nikaja nikapanda juu yake nikimwagilia maji ya kisima kila jioni kwa upendo.

Hizi namba za pH si kama za shilingi, kila ukipanda moja asidi inapungua mara kumi, kwa hivyo kutoka 5 hadi 8 ni mara elfu. Maji ya visima vyetu huku na kuteremka Bonde la Ufa yana baikaboneti nyingi, ni yale yale yenye floraidi yaliyowapa wengi tuliokulia huku meno ya kahawia, na baikaboneti ikiingia udongoni kila siku inaimaliza ile asidi kidogo kidogo. Sasa pH ikipanda, chuma kinajifunga, hakiyeyuki, mzizi hauwezi kukinyonya. Na hiki ndo kitu kimenikosesha usingizi: udongo wetu huu ni mwekundu kwa sababu ya chuma! Umejaa chuma hadi unachafua soksi! Mche wangu ulikuwa unakufa na njaa ya chuma ukiwa umesimama ndani ya sufuria ya chuma.

Na ile CAN ndo ilikuwa msumari wa moto juu ya kidonda, manake ina chokaa ndani, na nusu ya naitrojeni yake ni naitreti ambayo bluberi haina haja nayo, hii mimea imezoea naitrojeni ya amonia. Mizizi yake hata haina vile vinywele vidogo ambavyo mahindi au maharagwe yanavyo, inaishi kwa kusaidiana na kuvu fulani wadogo wanaoingia ndani ya mzizi na kuutafutia chakula kwa udongo maskini. Sasa we unaletea mmea wa hivo samadi, chokaa na konzi mbili za CAN. Ni kama kumkaribisha mgonjwa wa vidonda vya tumbo umwekee pilipili.

Kitu kimenipa moyo kidogo ni kwamba hata wenyewe Wamarekani walikosea hivi hivi. Zamani bluberi ilikuwa ya kuokota msituni tu, na kila mkulima aliyeihamishia kwa shamba zuri lenye rutuba ilimfia. Ni Frederick Coville, mtu wa mimea wa idara ya kilimo ya Marekani, alianza majaribio mwaka 1906 akaona zinanyauka kwa udongo mzuri wa bustani na kunenepa kwa udongo mbaya wenye asidi, akatoa kijitabu mwaka 1910. Kikasomwa na Elizabeth White, binti wa mkulima huko Whitesbog, New Jersey, mwaka 1911 akamwandikia barua, njoo ufanyie majaribio kwetu. Huyu mama mi nampenda bure. Aliwapa watu wanaojua msitu kipimo chenye tundu la milimita 16, ukipata kichaka ambacho matunda yake hayapiti kwa tundu unalipwa, na kichaka kinaitwa jina lako. Kuna moja ya Rube Leek wakaiita Rubel, inalimwa hadi leo. Mwaka 1916 wakauza mavuno ya kwanza.

Ingekuwa ni hizo za New Jersey hata hazingenifaa, zinataka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ndo zitoe maua, na Limuru tunalalamika sana lakini hatufiki huko. Zinazofaa nchi kama yetu zilitokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Florida, Ralph Sharpe alianza karibu na 1950 kuzichanganya na bluberi ya mwituni ya huko ambayo haipukutishi majani, na nimeambiwa zangu ni za ukoo huo. Niliambiwa na aliyeniuzia lakini, na huyo pia aliniambia ni rahisi kama mchicha.

Tatu zilizobaki nimezitoa kwa ule ukuta, nimezihamishia kwa ndoo kubwa za rangi nilizotoboa chini, ndani ni unga wa makumbi ya nazi uliotoka Pwani. Binamu alinionya niuoshe kwanza manake unakuja na chumvi, nimeuosha mara nne mgongo ukaniuma. Maji ni ya mvua, yalisoma 5.9, na yakiisha natia asidi ya limau kidogo kidogo kwa ya kisima hadi yashuke. Salfa nayo ningeweza kuweka lakini inangoja bakteria waigeuze kuwa asidi, miezi, na mi subira yangu imeshaonekana.

Moja imetoa jani jipya, kijani kabisa. Nyingine ina maua matano, yameinama kama vikengele, na asubuhi alikuja yule nyuki mkubwa mweusi anayetutobolea mbao za paa, nyuki seremala, akaning'inia kwa ua akatetemesha mwili hadi nikasikia mlio umebadilika. Chavua ya bluberi hutoka ikitikiswa hivo, nyuki wa asali hajui huo mchezo. Miaka yote nimekuwa nikimfukuza na fagio.

Binamu anasema matunda yakija nitege inzi kwa siki ndani ya chupa, kuna inzi mmoja mdogo wa Asia ambaye jike lake lina msumeno nyuma, hangoji tunda lioze, analikata likiwa linaiva tu anataga ndani. Yuko Kenya siku hizi. Sawa, tukifika hapo.

Ile CAN iliyobaki nilimpa mama, akaweka kwa sukuma. Ziko hivi, jani moja unafunika sufuria.