Asidi za nyongo: 52

Muwasho huu hauna hata kipele kimoja cha kumwonyesha mtu. Ni viganja na nyayo, usiku kuliko mchana, najikuna kwa kitana hadi ngozi inachubuka. Majibu ya damu yametoka leo: asidi za nyongo 52. Ini limeelemewa na homoni za ujauzito, nyongo haishuki inavyotakiwa na inaingia kwenye damu. Mimi sina hatari kubwa. Swali ni mtoto.

Daktari amenieleza bila kuzunguka. Chini ya 40, hatari ya mtoto kufia tumboni ni karibu sawa na ya mimba yoyote. Namba ikifika 100 hatari inapanda waziwazi, na hapo huzungumzwa kuzaa wiki ya 35 au 36. Mimi niko katikati, kwa hiyo wiki ya 38 au 39, niamue. Kusema kweli, ingekuwa 120 ningelala vizuri zaidi, maana nisingekuwa na la kuamua.

Nikauliza: si tupime mapigo ya moyo wa mtoto kila siku, tukiona kasoro ndipo tuanzishe uchungu? Mkunga akasema kipimo kile kinaeleza hali ya mtoto saa ile ile, hakiahidi kesho. Sikulipenda jibu lake, lakini ndilo lililonigeuza. Vidonge navyo vimeniangusha: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2019 haukuona kwamba dawa ya ursodeoksikoli inamkinga mtoto, na muwasho inaupunguza kidogo tu.

Nahofia pia kuanzishiwa uchungu kwenyewe. Mlango wa kizazi ukiwa bado haujalainika wanaweka dawa au kiputo cha kuufungua, unangoja, pengine zaidi ya siku nzima, na bado unaweza kuishia kwenye upasuaji. Mama naye anasema mtoto hutoka siku yake ikifika. Mama hajawahi kuona namba hizi.

Nimechagua wiki ya 38. Damu itapimwa tena kabla ya hapo, na ikiwa imepanda tutawahi zaidi. Baada ya kujifungua muwasho huisha wenyewe, ingawa mimba ijayo unaweza kurudi. Hayo ya mimba ijayo tuyaache kwanza.

Mume wangu ameuliza nani atamwambia Mama tarehe. Nimemwambia ni yeye.