Siku moja maishani mwangu: misumeno mitatu, kidumu kimoja

Saa 12:30 asubuhi

Nilipofika karakanani kwangu Birere, mjini Goma, Kongo, wateja walikuwa wamenitangulia. Mzee mmoja mpasuaji wa mbao na kijana wake walikuwa wameketi kando ya gunia lenye misumeno mitatu ya mnyororo, iliyoletwa usiku na lori la mbao kutoka upande wa Walikale. "Fundi, mashine zote tatu zimekufa ndani ya siku mbili," mzee alisema kabla hatujamaliza kusalimiana.

Msumeno mmoja ukifa, mimi humhoji aliyeushika. Mitatu ikifa pamoja, huulizia kidumu cha mafuta. Walikuwa wamekuja nacho: cha njano, cha lita 20, kikiwa kimebaki na lita kama tatu.

Saa 1:15

Kabla ya kushika bisibisi nilimimina mafuta hayo katika chupa ya kioo na kuiweka dirishani itulie. Haikupita robo saa, chini ya esansi iliyogeuzwa kijani na oili kukajitenga tabaka la maji machafu lenye unene wa kidole. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo huzama, na chini kabisa ya tangi ndipo kichujio cha mafuta kinapolala kikinyonya.

Kulikuwa na kosa la pili. Hapa Goma tunasema esansi tukimaanisha kile ambacho wenzetu wa Tanzania wanakiita petroli, na sisi tukisema petroli tunamaanisha mafuta ya taa; wapo wauzaji wa barabarani, hao tunaowaita Kadhafi, ambao huviuza vyote viwili ndani ya chupa moja. Kwa bahati kijana alikuwa na chupa ndogo ya esansi ileile ambayo haikutiwa oili, aliyoiweka kwa ajili ya pikipiki. Nilidondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Esansi safi hukauka kwa dakika chache bila kuacha alama, lakini tone hili liliacha doa la mafuta. Jaribio hilo lisingefaa kwa mafuta ya kidumuni, kwa maana oili nayo huacha doa.

Saa 2:30

Kwenye msumeno wa kwanza nilifungua egzosi tu, nikamulika ndani kwa tochi. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima upande wa kutolea moshi, na ukingo wake wa juu ulikuwa na vishimo, kana kwamba panya ametafuna mkate. Mafuta ya taa hayazifai injini za namna hii: mchanganyiko hujilipukia ovyo badala ya kuwaka kwa utaratibu, joto hupanda, na aluminiamu ya pistoni hulainika na kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Injini ikiwa mbioni huzunguka mara 12,000 na zaidi kwa dakika, yaani pistoni hupanda na kushuka mara 200 kila sekunde, kwa hiyo mpasuaji akija kusikia mlio umebadilika, mambo yamekwisha. Mikwaruzo ingekuwa upande wa kuingilia hewa peke yake, ningelaumu vumbi, ambalo mji huu uliokaa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo haujawahi kulikosa.

Wengi hapo hununua silinda mpya. Mimi kwanza huenda kwa mama jirani anayepika sabuni. "Nani tena amekunywa vibaya, fundi?" aliniuliza akinipimia kijiko cha soda kostiki.

Niliiyeyusha katika maji, nikavaa glavu na miwani, nikachovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti na kupaka mahali penye aluminiamu iliyogandamana tu. Mapovu yalitoka mara moja, kwa sababu soda hula aluminiamu lakini haili ile ngozi ngumu ya nikeli inayofunika ukuta wa ndani. Mapovu yakikoma, uchafu umekwisha na ngozi ni nzima. Yasipokoma, ngozi imetoboka na soda imeanza kuila silinda yenyewe. Nilipaka na kufuta mara nne, na mara ya tano pamba ilitulia. Nilisuuza kwa maji mengi, nikapitisha ukucha kutoka juu hadi chini, wala haukunasa popote. Silinda ilibaki, pistoni na ringi zake ndizo zilizobadilishwa.

Saa 5:30

Msumeno wa pili ulikuwa umenyweshwa maji ya chini ya kidumu. Pistoni ilikuwa salama, lakini kabureta lilijaa unga mweupe wa kutu ya aluminiamu, na kile kiwambo cha mpira kilikuwa kimekakamaa kama karatasi ya mfuko wa saruji. Nilisafisha vitundu, nikaweka kiwambo na kichujio kipya.

Saa 7 mchana

Fufu na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Doa juu ya karatasi lilikuwa bado linang'aa.

Saa 8

Wa tatu ulikuwa mzee kuliko wenzake. Niliuinua kwa kamba ya kuwashia, ukashuka wenyewe bila kukawia, dalili kwamba hakuna mgandamizo. Ndani, mapovu ya soda hayakukoma. Nilishika mkono wa pistoni, nao ukacheza juu na chini.

"Papa, huu sitakutengenezea."

"Fundi, huu ndio uliowasomesha watoto wangu."

Nilimwonyesha mchezo ule kwa vidole vyake mwenyewe. Silinda, pistoni, beringi na sili vingemgharimu karibu sawa na mashine mpya, na bado angebaki na shafti iliyochoka. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniruhusu nichukue koili na kamba yake viwe akiba ya ile miwili.

Saa 10

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kule wanakopasulia ni chini zaidi, kwenye hewa nzito. Msumeno uliorekebishwa hapa hadi ukalia vizuri kabisa, ukishuka huko utapata hewa nyingi kuliko mafuta na kuungua tena, safari hii bila kosa la Kadhafi yeyote. Kwa hiyo nililegeza ile skrubu ya kabureta iliyoandikwa H, ambayo ikilegezwa huongeza mafuta, kupita ninavyopenda, mashine zikawa zinagugumia na kutoa moshi. Kijana alidhani nimeziharibu, ikanibidi nimweleze mara mbili.

Saa 11:30 jioni

Kijana alirudi na kidumu kipya na lita 5 za esansi kutoka kituoni. Nilimpa bomba la sindano lisilo na sindano, akapima mwenyewe mililita 100 za oili, ndiyo moja kwa 50. Nyumbani walikuwa wakipima kwa kizibo cha chupa.

Mzee alilipa, akafunga gunia, kisha akaniomba ile chupa ya dirishani. Aliifunga kwa gazeti, akaishika wima kwa mikono miwili ili maji yasichanganyike, akashika njia ya kwa yule aliyemuuzia.